Betri ya Mke Mwenza

Mama mkwe wangu ana gari dogo jeupe, weupe wa maziwa yaliyokaa, na gari hilo analiita mke mwenzake. Jina lilianza zamani. Marehemu baba mkwe alilipenda gari lile kuliko inavyofaa mtu kupenda bati. Akirudi kazini alilifuta vumbi kabla hajanawa mikono, na siku moja mke wake akasimama mlangoni akamwambia, "Kama umeoa tena niambie, nijue napikia wangapi." Basi tangu siku hiyo gari likawa mke mwenza. Watoto wakafunzwa kuliamkia kila asubuhi: "Shikamoo, mama mdogo." Baba yao alilijibia kwa kupiga honi.

Mzee alipofariki tulidhani gari litauzwa. Mama akakataa. "Tumebaki wajane wawili," alisema. "Mmoja amfukuze mwenzake aende wapi?"

Na si kwamba amelihifadhi kama picha ya ukutani. Analiendesha. Alikuwa dereva wa gari la mikate tangu mimi sijaota ndevu, na mtaani mpaka leo wanamwita Mama Gia. Siku hizi safari zake ni za sokoni, za misibani, na kila Jumatano asubuhi kumpeleka dada yake hospitali kufanya mazoezi ya miguu. Huyo dada yake tunamwita Mama Mkubwa. Alipatwa na kiharusi, mguu mmoja ukawa unaburuta, akahamia kwa mdogo wake. Ulimi haukupatwa na lolote. Teksi hataki kuzisikia. Anasema madereva wa teksi wanamwangalia kama gunia la viazi, wanaanza kutafuta mahali pa kumshika.

Shida ilianzia palepale hospitali. Gari lilizimwa kidogo langoni, likakataa kuwaka tena, mahali hasa ambapo magari ya wagonjwa yanapita. Mlinzi anapuliza filimbi, ambulensi inalia nyuma, Mama Mkubwa ameshusha kioo anamwuliza mlinzi kama hiyo filimbi alipewa pamoja na mshahara au badala ya mshahara. Wapita njia wakalisukuma gari pembeni. Aliyekwenda kuwachukua ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Tunamwita Meneja. Anafanya kazi kwenye bima, na kila siku mezani kwake zinapita picha za magari yaliyopondeka. Kwa hiyo Meneja akitazama gari haoni gari, anaona ajali inayosubiri siku yake. Simlaumu. Anayeosha maiti kila siku, akikukuta umelala atakugusa kwanza.

Jioni ile alituita sote sebuleni kwa mama. Hakupandisha sauti.

"Mama, safari hii ilikuwa lango la hospitali. Ingekuwa barabara kuu, na malori nyuma yako?"

"Malori tunaheshimiana. Mwulize shemeji yako, yeye ni dereva wa lori."

"Mama, sifanyi mzaha. Likigoma tena, hata mara moja, nalichukua. Yupo mtu analitaka. Nitakuwekea dereva wa kuwapeleka mnakotaka."

"Dereva wa nini? Mimi maiti?"

"Mama."

"Basi toka nje ukamwambie mama yako mdogo. Mwambie usoni, sio unamsema akiwa hayupo."

Tulicheka. Meneja hakucheka. Akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe ndiye unakaa karibu. Wewe ndiye shahidi. Likigoma unanipigia. Hakuna kufichana."

Nikasema sawa. Mke wangu akanifinya paja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Wakati wa kuondoka mama alinifuata hadi mlangoni, akanikuta nafunga kamba za viatu. "Mkwe," akaniita. Siku zote huniita mwanangu. Akisema mkwe, ujue umeitwa kikaoni. "Nichagulie betri nzuri. Gari hili likiondoka, mimi na dada yangu tunakuwa watu wa kukaa kwenye makochi tukisubiri kubebwa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Usisikie kiume. Sikia."

Betri ya zamani ilikuwa imekwisha kweli. Kesho yake nilifungua boneti nikaikuta imevimba mbavu, na vichwa vyake vimeota unga wa kijani. Mimi ni dereva wa lori la mchanga, betri nimezibeba sana, na hicho ndicho kilichoniponza, maana anayejua huwa hapimi. Nilikwenda dukani mikono mitupu. Betri ya zamani niliiacha nyumbani kwa sababu ilikuwa inavuja, na maji ya betri yakigusa suruali, ukiifua unabaki na neti. Nikaagiza kwa kichwa, nikaletewa, nikabeba. Ilikaa mahali pake barabara kabisa. Ila kichwa cha chanya kilikuwa upande wa hasi, na waya wa chanya haukufika. Nikauvuta. Nikauvuta tena, kama mtu anayemburuta ng'ombe aliyelala.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Vipi?"

"Waya mfupi."

"Waya huohuo umefika miaka yote. Leo umerudi nyuma kwa aibu?"

"Vichwa vya betri vimekaa upande mwingine, mama."

"Ala! Kumbe betri zinatofautiana?" aliuliza kwa ule upole wa kumzika mtu, na mwanamke yule alikuwa anabadilisha betri za gari la mikate mimi nikiwa bado naogeshwa. "Kunywa chai yako. Kesho tunakwenda wote."

Akaja na uzi. Alikuwa ameipima ile betri ya zamani, akapiga fundo kwenye urefu, fundo kwenye upana, fundo kwenye kimo. Na betri yenyewe akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, juu ya mfuko karatasi ngumu, akanibebesha.

Muuza betri ni mtu mnene, mchangamfu, aproni yake ina matundu kama chujio. Alituona tukirudi na betri mbili, mpya na kuukuu, akaelewa yote. Akanionea huruma, akaamua kumshughulikia mama.

"Karibu, bibi! Safari hii tukupe kubwa kidogo. Hii hapa. Betri ya kiume."

"Ya kiume nilikuwa nayo, ikafa," mama akasema. "Nataka ya kunitosha."

"Lakini kubwa ina nguvu zaidi, bibi yangu."

"Wewe ukinunua kiatu unachukua kikubwa kwa sababu kina ngozi nyingi?" Akaulaza uzi juu ya ile betri. Fundo likapitwa. "Hii itagusa boneti. Siku gari likiruka shimo, vichwa vitagonga bati, tutaungua mimi na dada yangu, na yeye hawezi kukimbia. Lete nyingine."

Muuza betri akanitazama akitaka msaada. Mimi nikatazama dari.

Akaleta nyingine, uzi ukakubali. Mama akaigeuza, akaiweka sambamba na ile kuukuu, chanya kwa chanya. Halafu akapitisha kidole juu yake.

"Vumbi hili ni la mwaka huu au ulirithi?"

"Bibi, hiyo ni mpya! Haijawahi kufungwa kwenye gari."

"Hata mtu asiyefanya kazi anazeeka. Imezaliwa lini?"

Ikabidi jamaa aigeuze ubavu, aisome tarehe iliyogongwa pale, akohoe, aende chumba cha nyuma. Betri ikikaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa inaharibika ndani, kila muuzaji anajua, na kila muuzaji anatumaini wewe hujui. Alirudi na mbili ambazo zilikuwa changa kweli. Moja iliyozibwa moja kwa moja, nyingine ya vifuniko, ya kuongeza maji.

"Chukua hii iliyozibwa, bibi. Haitaki kuangaliwa."

"Hakuna kitu kisichotaka kuangaliwa," mama akasema. "Nipe yenye vifuniko."

Muuza betri akaipima kwa mita mbele yetu, mshale ukasimama kwenye kijani. Wakati wa kutoka nilimsikia akimwambia jirani yake wa duka, "Yule mama akirudi, mimi nimesafiri." Lakini alikuwa anacheka, na alitubebea betri mwenyewe hadi kwenye lori langu.

Niliifunga mchana ule. Kwanza nilisugua vibano vya waya kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, povu likatoka, ule unga wa kijani ukaisha. Nikakausha. Nikafunga chanya kwanza, hasi mwisho, nikapaka grisi juu. Nikakaza na ule mkanda wa chuma unaoishikilia betri, kwa maana betri inayocheza inajiua yenyewe. Hasi niliikaza mpaka spana ikalia. Mama akaingia, akazungusha ufunguo, gari likaitika kabla hajamaliza.

"Sasa huyu ndiye mke mwenzangu," akasema, akanipapasa bega. "Ahsante, mwanangu."

Jumatano wakaenda hospitali wakarudi. Nikajisahau.

Wiki iliyofuata akanipigia simu akiwa sokoni. Sauti ndogo. "Mwanangu, limesema tik."

"Tik tu?"

"Taa zinawaka. Nikizungusha ufunguo, tik, halafu kimya."

Nilikwenda na lori likiwa na mchanga wake, nikasimama katikati ya wauza nyanya wakinitukana. Nikafungua boneti, nikashika kibano cha hasi. Kikazunguka chenyewe, kwa vidole viwili, kama kifuniko cha chupa. Kibano nilichokikaza mimi. Nikakikaza tena, gari likawaka. Mama alikuwa ameangalia upande wa vitunguu muda wote.

"Kuna mtu amegusa hapa?" nikamwuliza.

"Nani aguse?"

Nilipaswa kumpigia Meneja. Nilishika simu, nikaitia mfukoni. Nilijiambia kwamba gari halikugoma, kilichogoma ni kibano. Ni hoja ya mlevi, lakini ilinitosha mpaka nyumbani.

Siku chache baadaye akapiga Mama Mkubwa, ananong'ona kana kwamba kuna mwizi ndani. "Njoo. Limesema tena ile tik. Mdogo wangu amekaa ndani ya gari hataki kutoka." Nikaenda. Kibano kilekile, kimelegea vilevile. Safari hii niliichunguza nati, nyuzi zake nzima, haijaliwa. Nati nzima haijifungui yenyewe.

"Kuna mtu anaifungua ile betri," nilimwambia mke wangu usiku tukila.

"Mwizi?"

"Mwizi gani anafungua, halafu anaacha?"

"Basi jini," akasema mke wangu. "Jini fundi. Mlete na huku aje atazame bomba la jikoni, maana wewe nimekusubiri mpaka nimechoka."

Kisha Meneja akatuma ujumbe: Jumamosi anakuja kulitazama gari. Yule mtu anayelitaka ameuliza tena.

Ijumaa nilitoka kazini mapema kidogo nikanunua kibano kipya, nikaenda kwa mama bila kumwambia. Jua lilikuwa limeshazama, bado kuna mwanga wa kuonana. Nilipofika getini nikasikia chuma kikigonga chuma. Nikachungulia.

Boneti imefunguliwa. Mama Mkubwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amemulika tochi. Mama ameinama, spana kaizungushia kitambaa cha jikoni, ameishika kwa mikono miwili na kuilalia kwa mwili wote, mpaka nati ikaachia. Akakiinua kibano cha hasi, akakivisha kipande cha mpira wa ndala kisiguse kitu. "Haya," akaliambia gari, "lala salama, mke mwenzangu." Halafu akasimama pale anajisugua vidole, kimoja kimoja.

"Hodi," nikasema.

Mama Mkubwa akazima tochi papo hapo, kana kwamba nisingewaona.

"Iwashe, dada," mama akasema. "Ameshaona." Akanigeukia. "Umekuja kufanya nini bila taarifa, mkwe?"

"Kumkamata anayefungua betri."

"Umemkamata."

Tukakaa barazani, mama kwenye kiti, mimi kwenye ngazi. Akanieleza bila kuzungukazunguka. Marehemu alifunga redio kwenye gari kwa mkono wake, na tangu siku hiyo gari likilala, asubuhi betri haina kitu. Badala ya kutafuta ubaya ulipo, mzee akawa kila jioni anaondoa kibano cha hasi, asubuhi anakirudisha. Akasema kilichofanya kazi mchana kutwa nacho kinastahili kupumzika. Alifanya hivyo miaka yote. Alipokufa, jioni ya pili baada ya mazishi, mama akatoka na spana akafanya yeye.

"Kufungua naweza, nailalia. Kukaza asubuhi ndiyo kazi." Akanionyesha kiganja chake, akajaribu kukunja ngumi. Vidole vitatu vikafika nusu, vikasimama. "Asubuhi hivi vidole ni kama nimeazimwa. Vinapata joto saa ya chai, lakini miadi ya hospitali ni kabla ya chai."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimwambie nani? Shahidi?"

Nikageuzageuza kile kibano kipya mkononi.

"Mwanangu akisikia mama yake hawezi kukaza nati," akaendelea, "atauliza usukani naushikaje. Na usukani naushika. Usukani ni viganja na mabega na macho, na hivyo ninavyo. Kwa ajili ya vidole vitatu tunyang'anywe gari watu wawili?"

"Miguu," akasema Mama Mkubwa kutoka gizani. "Sema miguu. Gari ndiyo miguu yangu."

Niliinuka nikaleta taa ndogo ya kupimia umeme kutoka kwenye lori. Nikaunganisha upande mmoja kwenye kichwa cha hasi, mwingine kwenye kibano. Gari limezimwa, milango imefungwa, lakini taa ikawaka, dhaifu, kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Umeme ulikuwa unatoka. Nikaufuata waya wa redio mpaka nyuma ya dashibodi, nikauchomoa. Taa ikazima.

"Mwizi wako huyu hapa," nikamwambia. "Redio inakunywa usiku kucha. Nakata huu waya, habari imekwisha." Nikatoa koleo.

"Usikate."

"Mama, ni dakika moja."

"Nimesema usikate. Hebu tazama alivyoufunga."

Nikamulika. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa ameufunga waya kwa kamba ya kiatu. Kamba ya kahawia ya kiatu cha kazini, imepigwa fundo mara mbili, juu yake plasta ya kidonda.

"Fundi gani anafunga waya kwa kamba ya kiatu?" nikauliza.

"Fundi mbaya."

"Mbaya kabisa."

"Kabisa," akasema, akacheka mpaka akashika boneti. "Lakini wangu."

Nikaurudisha waya ulivyokuwa. Nikakaa nikiangalia ile spana yenye kitambaa. Halafu nikajiona mpumbavu, kwa sababu lori langu, ninalolipanda kila siku ya Mungu, lina swichi ya kukata umeme wa betri. Kitufe chekundu kikubwa. Jioni unakizungusha robo, lori zima linakufa, asubuhi unakirudisha. Zipo ndogo za magari madogo, zinakaa palepale kwenye kichwa cha hasi.

Jumamosi asubuhi duka la vipuri lilipofunguliwa nilikuwa mlangoni. Nikaifunga swichi, nikaikaza kwa nguvu zangu zote, na hiyo nati haitaguswa tena mpaka betri yenyewe ife. Mama akakijaribu kitufe kwa kiganja kitupu. Akakijaribu kwa kiwiko.

"Hiki hata dada yangu anaweza kwa ule mguu mbaya," akasema.

"Sasa mama, Meneja akiniuliza, nitamwambia kweli. Sitaanza wewe, lakini akiuliza nitasema."

"Najua. Ndiyo maana nilikupa binti yangu." Akakizungusha kitufe, akazima. "Acha nifikirie."

Meneja alifika na shati lake la kazini ingawa ilikuwa Jumamosi. Akamwamkia mama, akamwamkia Mama Mkubwa, akachukua ufunguo mezani. Akaingia kwenye gari, akazungusha.

Kimya. Hata ile tik haikutoka. Taa zote kwenye dashibodi zimekufa.

Akazungusha tena. Kisha akalaza paji la uso kwenye usukani. Nilidhani nitamwona mtu aliyeshinda, lakini alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu. "Mama," akasema, "nilikuomba. Unajua naona nini kila siku kule kazini? Unajua kila picha nikiifungua naogopa nitaona rangi ya gari hili?"

Nikafungua mdomo. Mama akaninyamazisha kwa kidole, kimoja kati ya vile vinavyokunjika.

"Toka hapo uje huku," akamwambia mwanawe. "Mama yako mdogo bado hajaamshwa. Hata wewe, mtu akuzungushie ufunguo sikioni umelala, ungeitika?"

Akafungua boneti mwenyewe, akaitegemeza kwa fimbo yake ya chuma. Akakizungusha kitufe chekundu kwa kiganja. Halafu badala ya kumtuma akawashe, akamwonyesha mkono. Akaukunja mbele yake, akamwacha aone vidole vinapoishia. Akamweleza yote: kibano, spana, kitambaa cha jikoni, sokoni, redio, kamba ya kiatu. Hakuacha kitu. Mimi nilikuwa natazama chini kama mtoto anayesemwa, na wala hayakuwa makosa yangu.

Meneja akanigeukia. "Shemeji, ulijua?"

"Vidole nimejua jana. Kugoma nilijua. Mara mbili."

"Mara mbili! Na hukunipigia?"

"Niliona kwamba gari halikugoma. Kibano ndicho kiligoma."

"Hiyo ungeileta kwenye bima tungekufukuza na karatasi zako."

"Ndiyo maana sikuileta."

Akaushika mkono wa mama, akaukunja taratibu, hatua kwa hatua, kama anayejaribu bawaba ya mlango wa zamani. "Unauma?"

"Asubuhi. Ukishapata joto unaniacha."

"Na usukani?"

"Panda uone. Wote pandeni. Betri mpya hailishwi kwa safari za dukani, inataka barabara."

Tukapanda. Meneja mbele, mimi nyuma na Mama Mkubwa, magoti yangu karibu na masikio. Mama akalitoa gari kinyumenyume kwenye lile geti jembamba kwa mzunguko mmoja, akiangalia kioo na mimi nikishika pumzi. Lori langu ningelipitisha pale, ndiyo, lakini ningeng'oa kitu. Tukashika barabara kuu. Alikuwa akiacha nafasi mbele yake, akiingiza gia bila gari kujua. Meneja alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Tulipopita daraja nikaona mkono mmoja umeshuka. Tulipofika mzunguko mkubwa, malori kulia na kushoto, mama akaingia, akatoka, na mkono wa pili ulikuwa pajani.

"Pitia hospitali," Mama Mkubwa akasema.

"Leo si Jumatano, dada."

"Nina maneno niliyabakisha na yule mlinzi."

Tukapitia hospitali. Mama akasimama palepale langoni, akazima gari makusudi. Meneja akafumba macho. Mama akazungusha ufunguo, likawaka mara moja. Mlinzi akasogea, akamtambua, akapiga saluti na filimbi mdomoni. Mama Mkubwa alishusha kioo akayamaliza maneno yake yote, na ninaapa yule mlinzi aliyafurahia.

Tuliporudi, Meneja hakutoa hukumu. Alizunguka gari akipiga teke tairi moja moja, kama mnunuzi. Mwishowe akasema, "Sasa yule mtu nitamwambia nini?"

"Mwambie mama yako mdogo ameposwa, amekataa."

"Mama, nikisikia siku moja mikono imekataa..."

"Ukisikia kutoka kwangu, ndiyo imekataa. Na utasikia kutoka kwangu. Leo si umesikia?"

Akafikiri. "Nimesikia," akasema.

Siku nyingine Meneja huondoka kabla ya chai. Siku hiyo akakaa. Akakaa mpaka taa za barazani zikawashwa. Mama akatoka nje, akafungua boneti, akamwita kwa mkono.

"Njoo umlaze."

Meneja akainama akakizungusha kile kitufe chekundu. "Tayari."

"Bado."

"Bado nini?"

"Unajua ni nini."

Meneja akatazama getini kama kuna jirani. Akaweka shati lake vizuri, akainama tena juu ya injini, yeye na cheo chake.

"Lala salama, mama mdogo," akasema.

Honi haikuweza kujibu, umeme ulikuwa umekatwa. Mama akaweka kiganja mdomoni akaiigiza honi yeye mwenyewe, ndefu, mara mbili, kama mzee alivyokuwa akipiga.